Dripu ya Njano Niliyoikataza

Wenzangu mnaoanza kazi,

Nimeacha utabibu nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Siku ya kuniaga, Sista Gaudensia, muuguzi mkongwe wa kituo chetu ambaye bado yuko kazini, alisema hajawahi kuona mstaafu anayeweza kuruka mtaro. Watu wakacheka, nami nikacheka, tukamalizia soda zetu. Kisha mmoja wenu aliyekuwa ameripoti mwezi huo huo akaniomba niwaandikie mambo ya kazi, yale ambayo hayamo katika vitabu vya chuo. Ninayaandika haya kwa ajili yake na kwa ajili yenu. Vyeo sitavizungumzia, kwa kuwa nilipata kimoja tu na hicho kilikuwa cha kukaimu. Nitaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na mgonjwa mmoja ambaye kwa sababu yake siwezi tena kuvaa koti jeupe.

Kituo sitakitaja. Kipo upande wa wilaya ya Serengeti unaopakana na hifadhi, ambako tembo wakiingia mashambani, sisi hupokea watu wengi zaidi waliokimbia na kuanguka kuliko waliokanyagwa. Niliripoti pale kutoka Tarime, nilikozaliwa, nikiwa na sanduku la bati, stetoskopu mpya na daftari ambalo katika ukurasa wake wa kwanza nilikuwa nimeorodhesha mambo nitakayoyabadilisha. Niliamini, na sijaacha kuamini, kwamba maskini anastahili dawa sahihi kwa sababu sahihi, sawasawa na tajiri. Sikujua kwamba mtu anaweza kuamini jambo la kweli na bado akadhuru watu kwalo.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyechomwa na mwiba wa mgunga, nao ukavunjikia ndani ya wayo. Alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia Sista Gaudensia.

"Huyu mtoto ndiye daktari?"

"Ndiye, mzee. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Leta mguu."

Sista hakuwahi kuuona mkono wangu ukifanya kazi. Alinikopesha heshima yake asubuhi ile, na kwa miaka iliyofuata nilimlipa kwa kumsahihisha mbele ya wagonjwa. Alinifundisha kutafuta mshipa kwa ncha ya kidole badala ya jicho. Alinifundisha kuifunga kamba ya mpira ya mkononi taratibu kwa wazee, maana ngozi yao huchubuka. Alinifundisha pia kumsikiliza mgonjwa hadi amalize kueleza habari za ng'ombe wake, kwa sababu ugonjwa wenyewe hutajwa mwishoni, mtu akiwa ameshasimama kuondoka. Hayo yote niliyapokea. Jambo moja nililikataa, nalo ni dripu ya njano.

Mtaikuta popote mtakapopangiwa. Kwetu mgonjwa hahesabiki kuwa ametibiwa mpaka atundikiwe maji. Ndugu wakirudi nyumbani, swali la kwanza ni, "Ametundikiwa?" Na maji meupe ni maji tu, hata kisimani yapo. Wauguzi wa zamani walikuwa na desturi ya kuvunja kichupa cha vitamini B na kukichanganya katika chupa ya dripu, na maji yote yakageuka njano kama soda. Hapo mgonjwa hutulia, ndugu hutulia, na kituo husifiwa hadi kijiji cha tatu. Mimi niliiona desturi hiyo kuwa udanganyifu. Katika kikao cha mwezi wangu wa tano nilisimama nikasema kwamba hatuwezi kuwatibu watu kwa rangi.

"Mwanangu," Sista alisema, "hiyo njano haijamuua mtu."

"Wala haijamponya mtu, Sista."

"Wewe umemuuliza nani?"

Watu walicheka, lakini hoja yangu ilipita. Vichupa vilihamishiwa kwenye rafu ya chini ya kabati la dawa, nami nikabandika karatasi kwenye mlango wa kabati: Vitamini ya sindano haitolewi bila idhini ya tabibu. Tabibu alikuwa mimi. Kwa miaka minne sikuitoa idhini hiyo hata mara moja, na nilikuwa nikijisifu kimoyomoyo kwa jambo hilo.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Wegesa.

Alikuwa mjane, mnunuzi wa mazao, na ghala lake lilitazamana na geti la kituo. Mahindi na maharage ya vijiji vya Machochwe na Mbalibali yalipitia mikononi mwake. Alikuwa mnene kuliko mtu yeyote niliyewahi kumtibu, mwenye presha, kisukari kinachoanza, na magoti yaliyokuwa yakilia akiinuka. Mizani yetu ilifika mwisho ikagoma, kwa hiyo nilikuwa nikivuka barabara kumpima kwenye mizani yake ya magunia, naye akijisomea mwenyewe kwa sauti kama anayetangaza bei.

"Andika, mwanangu. Gunia moja na madebe mawili. Ukaguzi umepita."

Kwetu unene wa mwanamke kama yeye ni heshima, ni ushahidi kwamba nyumba yake ina chakula. Kwa hiyo binti yake, Wegesa, aliyeolewa Nairobi, alipompeleka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo katika hospitali moja ya huko, Mama hakumwambia mtu. Aliaga kwamba anakwenda kumwona mjukuu. Aliporudi alinitumia ujumbe niende ghalani, akafunga mlango, akatoa bahasha ndani ya khanga.

"Wamenikata tumbo likabaki kama la kifaranga," alisema. "Wewe peke yako ndiye unayejua hapa. Soma, uniambie nitakufa na nini."

Barua ilikuwa ya kurasa mbili, imeandikwa vizuri. Chuoni tulikuwa tumefundishwa habari hizo kwa dakika chache, kama mtu anavyofundishwa habari za theluji. Nilikaa juu ya gunia la maharage, nikaisoma mara tatu, na hofu ikaniingia. Kidonda cha ndani kinaweza kuvuja. Damu inaweza kuganda mguuni ikapanda hadi mapafuni. Mshono unaweza kutoka damu, njia ya chakula inaweza kujibana. Nilinakili hatari hizo katika daftari langu kwa wino mwekundu, na mbele ya kila moja nikaandika dalili zake. Ukurasa wa pili ulikuwa na habari za chakula na vitamini. Niliusoma pia. Sikunakili chochote kutoka huko, kwa sababu kwangu vitamini zilikuwa kitu ambacho wauguzi wa zamani huwapa watu ili wanyamaze.

Kuanzia siku hiyo nilivuka barabara kila asubuhi. Nilihesabu mapigo ya moyo wake, nikapima joto, nikabonyeza nyama ya mguu nyuma ya ugoko, nikaweka kiganja tumboni. Aliogopa, nami niliogopa zaidi yake, ila nilikuwa na stetoskopu ya kuifichia hofu yangu. Alikuwa akijisikiliza siku nzima. Tumbo likinguruma, alitaka kujua ni mngurumo wa aina gani. Kwapa likiuma, aliuliza kama ndiyo ile damu inapanda. Nilikuwa nikimjibu kwa utulivu, kisha narudi kituoni kufungua daftari nione kama kwapa limo.

Wiki ya nne aliniuliza jambo jingine.

"Na hivi vidonge vyao vya vitamini? Vinanichafua moyo."

"Hivyo si vya lazima sana, Mama. Kama vinakushinda, viache kwanza."

Nilisema hivyo nikiwa nimeshika mkono wake, nikihesabu mapigo. Nakumbuka kwamba yalikuwa mazuri.

Jambo lililokuwa likiendelea upande wa nyuma wa ghala sikulijua. Kwetu mtu akirudi kutoka safari, majirani humletea ugali wa mtama na muhogo, mzito unaoshikika, pamoja na nyama, nao hawaweki sahani wakaondoka. Hukaa wakuone umekula. Kusema umeshiba ni kusema mkono wao ni mchafu. Walikuja kwa zamu, na maneno yalikuwa yameanza kusemwa.

"Kule Kenya walikulisha nini, mpaka ugali wetu unakushinda?"

"Mwacheni, amekuwa Mzungu. Kesho atatuomba uma."

Ili siri isitoke, Mama Wegesa alikula. Kisha alikwenda nyuma ya ghala na kutapika. Alifanya hivyo kila siku, na siku zikawa wiki, na kila asubuhi alinieleza kwamba amekunywa uji wake vizuri. Nilimwona akipungua nikafurahi. Nilimpeleka kwenye mizani, naye akasoma kwa sauti, na sote wawili tulidhani ule ulikuwa ushindi.

Aliponiambia ukweli alikuwa hawezi kusimama kwa muda mrefu. Midomo ilikuwa imekauka, mapigo yalikwenda mbio. Nilifungua daftari langu la wino mwekundu, nikalifuata mstari kwa mstari: hakuna homa, tumbo ni laini, miguu haijavimba, pumzi ni safi. Hakuna hatari hata moja niliyoinakili iliyokuwepo. Nilishusha pumzi. Nikamwandikia kwamba amepungukiwa maji na nguvu kwa sababu ya kutapika, nikamlaza kituoni. Stoo ilikuwa imebakiwa na dripu za sukari tu, nami nikaona ni bahati, maana alikuwa hajala.

Sista Gaudensia ndiye aliyemtafutia mshipa. Alipomaliza, akaenda kwenye kabati, akainama, akarudi na kichupa mkononi.

"Niweke njano?"

"Hapana, Sista."

"Huyu ametapika sana, mwanangu. Zamani mtu wa namna hii tulikuwa hatumwachi hivi hivi."

"Zamani mlikuwa na sababu gani?"

Alifikiri. Alikuwa mwanamke mkweli kupita kiasi. "Sababu siijui," alisema. "Tuliambiwa, tukafanya."

"Basi kirudishe."

Alikirudisha. Mama Wegesa, ambaye alikuwa akitusikiliza, alitabasamu kwa mdomo mkavu. "Hata mimi mnaninyima rangi?" alisema. Nilimwambia kwamba yeye anapewa tiba ya kweli.

Tulimtundikia maji ya sukari siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Siku ya pili alikaa kitandani, akaulizia bei ya maharage. Siku ya tatu asubuhi aliniambia kwamba ananiona wawili. Nilipomtazama vizuri niliona macho yake yakitikisika, yakienda kando na kurudi kama kitu kilichokosa pa kutua. Alipojaribu kwenda chooni alitanua miguu na kuyumba, akashika ukuta. Mwanamume mmoja aliyekuja kumwangalia ndugu yake alimwambia mwenzake, bila kushusha sauti, "Mura, huyu mama kanywa." Kufikia mchana alikuwa akiniita kwa jina la dada yake aliyekwishafariki. Nilipima sukari, nikapima malaria, nikafikiria kiharusi, nikafungua tena daftari. Kisha nikaandika rufaa, tukampakia katika gari la wagonjwa.

Nilikwenda naye. Kutoka wilayani tulipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, na huko daktari mmoja, mtu mpole aliyeonekana hajapumzika siku nyingi, aliisoma barua ya Nairobi, kurasa zote mbili, akiwa amesimama. Alisoma pia fomu yangu ya rufaa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ili ndugu wasisikie:

"Kabla ya glukosi, mlimpa vitamini B moja?"

Nilimjibu hapana. B moja ni mojawapo ya vitamini zilizomo katika kile kichupa cha njano. Alinyoosha kidole kwenye mstari wa ukurasa wa pili, kisha akaenda mwenyewe kuagiza sindano. Mstari ulisema kwamba mgonjwa akitapika mfululizo asipewe maji ya sukari kabla ya vitamini hiyo. Mwili uliokwishiwa akiba yake huitumia chembe ya mwisho kuiunguza sukari, na ubongo hubaki bila kitu. Mnaoanza kazi, iandikeni hiyo kwa wino mnaoutaka. Ilikuwa imeandikwa wazi. Niliisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la maharage.

Macho yake yalitulia baada ya siku chache. Miguu ilirudi kwa sehemu. Kumbukumbu haikurudi. Anawakumbuka watu wa zamani na bei za zamani, lakini mambo ya miaka ya karibuni yamefutika, na jambo analoambiwa sasa hivi hudumu naye kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Daktari yule alinieleza kwamba kwa muda uliopita hategemei zaidi ya hapo.

Nilimweleza Sista kila kitu. Nilitaka anilaumu. Alikuwa akikunja mashuka, akaendelea kuyakunja.

"Usinipe sifa ambayo si yangu," alisema. "Mimi ningeiweka kwa mazoea, kama nilivyowawekea wenye mafua. Ungeniuliza mara ya pili, ningekosa jibu vilevile."

Hilo liliniuma kuliko lawama. Kati yetu wawili, mmoja alikuwa na desturi bila sababu, na mwingine alikuwa na elimu iliyotosha kuifuta desturi lakini haikutosha kujua inafuta nini. Kichupa kilikuwa rafu ya chini, hatua sita kutoka kitandani.

Nilimweleza pia Wegesa alipofika kutoka Nairobi. Wenzangu walinishauri nisifanye hivyo. Tulikaa kwenye benchi nje ya wodi, nikamwambia kuhusu vidonge, kuhusu kichupa, kuhusu mstari. Hakupaza sauti.

"Si ni wewe ulikuwa unamcheki kila siku?" aliuliza.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Aliniambia kwa simu. Kila siku nilikuwa napigiwa, naambiwa daktari amepita, amesema Mama yuko sawa. Mimi nilikuwa nalala usingizi kwa sababu yako."



Niliandika taarifa na kuipeleka mwenyewe ofisini wilayani. Nilitaja makosa yangu kwa mpangilio. Waliniita mara moja, wakaniuliza maswali ya heshima, na majibu yakaja kwamba hali ya mgonjwa ilitokana na madhara yanayojulikana ya upasuaji aliofanyiwa nje ya nchi, nami niendelee na kazi. Niliendelea kwa miezi kadhaa. Kila nilipoandika dawa, niliifuta na kuiandika upya. Niliwaagizia watu vipimo wasivyohitaji, nikawapa rufaa wenye mafua, nikaondoa karatasi yangu mlangoni mwa kabati na kuanza kuwawekea njano watu wote, hata mtoto aliyevunjika mkono. Siku Sista aliponiuliza, "Huyu naye kwa sababu gani?" nikajibu, "Sijui, Sista," nilielewa kwamba nimekwisha. Tabibu anayeogopa kila kitu ni hatari sawa na yule asiyeogopa kitu, na mimi nilikuwa nimeshakuwa wote wawili.

Mngetaka niwaachie neno la kuwatia moyo. Nimelitafuta. Someni kurasa zote mbili. Kabla ya kufuta jambo, tafuteni lilikotoka, hata kama anayelifanya hajui. Hayo ni kweli, na hayamrudishii mtu chochote.

Wiki iliyopita, kabla ya kurudi Tarime, nilikwenda kumuaga Mama Wegesa. Anaishi sasa na mdogo wake huko Mbalibali. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, mwili umepungua sana, ungo wa maharage mapajani. Vidole vyake vinachambua kwa kasi ile ile, vikitupa mabovu bila kuyatazama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni Rhobi, Mama. Tabibu wa kituo."

"Kumbe daktari." Alisogeza ungo na kunivutia kigoda kingine. "Afadhali umekuja. Huyu Wegesa wangu anataka twende Kenya nikakatwe tumbo ili nipungue. Mimi naogopa. Wewe umesoma, niambie ukweli, kuna nini kinaweza kunipata huko?"

Mdogo wake, aliyekuwa akianika mtama, alinitazama kisha akatazama pembeni. Huulizwa swali hilo kila siku, na humjibu kwamba haendi popote. Mimi sikuweza kumjibu hivyo. Nilimweleza kila kitu, polepole, kama ambavyo ilinipasa kumweleza mara ile ya kwanza. Nilimwambia kuhusu kuvuja, kuhusu damu kuganda, kuhusu mshono. Kisha nikamwambia kuhusu kutapika, na jinsi akili inavyoweza kuondoka na isirudi.

Alisikiliza bila kunikatiza, mkono wake juu ya goti langu.

"Na hilo la mwisho, lina dawa?"

"Lina dawa, Mama."

"Pale kituoni kwenu ipo?"

"Ipo."

Alishusha pumzi, akauvuta ungo wake.

"Basi nitakwenda," alisema. "Dawa ipo, na wewe upo. Nilikuwa naogopa bure."